UCHAMBUZI: Runinga zikilipia muziki, nani atamfikishia mpiga ngoma wa Msambweni haki yake?

NI nadra mgeni kumaliza likizo yake Diani bila kuusikia wimbo 'Jambo Bwana'. Huimbiwa mlangoni anapowasili, huimbiwa tena wakati wa chajio, na pengine akirudi chumbani na kuwasha runinga huukuta ukiandamana na picha za fuo na ndovu.

Wengi hudhani ni wimbo wa kale usio na mwenyewe. Sivyo. Ulitungwa na Teddy Kalanda Harrison wa bendi ya Them Mushrooms, iliyokuwa ikiwatumbuiza watalii katika hoteli za Pwani, na ukarekodiwa mwaka 1982. Mwaka uliofuata kundi la Boney M liliutoa kwa mtindo wake na ukazidi kuvuma ng'ambo.

Wimbo huo una mtunzi anayejulikana na rekodi yenye tarehe. Kila unapopeperushwa hewani, kuna jina la kuandikwa kando ya senti inayodaiwa.

Sasa tuelekee kusini zaidi, hadi Msambweni. Tuseme kikundi cha sengenya, ngoma mashuhuri ya Wadigo, kimenaswa na kamera za runinga katika sherehe ya kitaifa. Picha zile zinarushwa jioni hiyo, kisha zinarudiwa katika kipindi cha utamaduni, na mwaka ukiisha zinatumiwa tena kama kipambo cha habari za utalii. Chini ya skrini pameandikwa tu kwamba ni wachezaji ngoma wa Kwale.

Nani aliyeongoza wimbo ule? Nani aliyepiga ngoma? Nani aliyepuliza zumari? Hakuna palipoandikwa. Na pasipoandikwa jina, hata kituo kikilipa ada yake yote kwa wakati, fedha hizo hazina njia ya kufika Msambweni.

Kwa miaka mingi mjadala wa mirabaha nchini umezunguka swali la nani akusanye fedha. Swali linaloamua iwapo msanii wa Kwale atapata chochote ni jingine kabisa: nani aliyeweka kumbukumbu ya kilichochezwa?

Leseni moja, haki tatu

Kwanza yafaa tuelewe kile ambacho kituo cha runinga hulipia. Leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano humruhusu mwenye kituo kurusha matangazo. Haimpi ruhusa ya kutumia kazi za muziki za watu wengine. Vilevile, kupewa video na mwanamuziki mwenyewe au kununua kanda dukani hakumpi mtu haki ya kuutangaza wimbo huo kwa umma.

Wimbo mmoja wa dakika tatu hubeba haki za watu wa aina tatu. Wa kwanza ni mtunzi wa maneno na lahani, ambaye kwa muda mrefu amewakilishwa na Chama cha Hakimiliki za Muziki nchini, MCSK, kilichoanzishwa mwaka 1983. Wa pili ni waimbaji na wapigaji ala, ambao chama chao ni PRISK. Wa tatu ni mtayarishaji aliyegharamia kurekodi, na huyu huwakilishwa na KAMP.

Juu ya vyama hivyo kuna Bodi ya Hakimiliki, KECOBO, iliyoundwa chini ya Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 iliyoanza kutumika mwaka 2003. Bodi hiyo ndiyo inayoamua ni chama kipi kiruhusiwe kukusanya, na viwango vya ada huchapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali.

Kwa kuwa hakuna kituo kinachoweza kumtafuta kila mtunzi kabla ya kila wimbo, utaratibu unaotumika duniani ni leseni ya jumla. Kituo hulipa kiasi fulani kwa kipindi fulani, kisha kinakuwa huru kutumia nyimbo zote zilizo katika hazina ya chama husika.

Utaratibu huu si mgeni. Nchini Marekani chama cha ASCAP kiliundwa mwaka 1914 kwa madhumuni hayo hayo. Kampuni ya runinga ya CBS iliwahi kwenda mahakamani ikidai kwamba leseni ya jumla ni njama ya kupanga bei, lakini mwaka 1979 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilikataa kuuharamisha utaratibu huo moja kwa moja.

Huko, kituo kinachotumia muziki kidogo kinaweza kuchagua kulipia kipindi kimoja kimoja badala ya kulipa kwa jumla. Sharti lake ni kwamba kituo lazima kiwasilishe jedwali la muziki uliotumika katika vipindi vyake: jina la wimbo, mtunzi wake, na jinsi ulivyotumika. Anayetaka kulipa kidogo sharti aoneshe kwa maandishi kwamba ametumia kidogo.

Kuna jambo jingine ambalo husahaulika. Leseni ya jumla inahusu kuupeperusha muziki hewani tu. Mtengenezaji wa tangazo la biashara au mchezo wa kuigiza anayetaka kuoanisha wimbo na picha zake hana budi kumwendea mwenye wimbo wapatane bei. Tangazo la utalii lenye wimbo wa Pwani linahitaji ruhusa hiyo hata kama kituo kitakachoirusha kazi hiyo kina leseni zake zote.

Malalamiko ya wenye hoteli

Huko Diani na Ukunda, mzozo wa hakimiliki hujitokeza kwa sura nyingine. Mwenye hoteli au mkahawa anapotakiwa kulipia leseni kwa sababu ana runinga ukumbini, huuliza: ikiwa kituo kimekwisha kulipa, mbona nami nilipe? Je, si kulipia kitu kimoja mara mbili?

Hoja hiyo ina mvuto, lakini sheria huyatazama haya kuwa matumizi mawili tofauti. Kituo hulipia kuutangaza muziki kwa wanaotazama majumbani. Hoteli nayo huutumia muziki huo huo kuwavutia wateja wake, na kwa hivyo inaufikisha kwa umma mwingine.

Mahakama ya Haki ya Ulaya iliamua hivyo mnamo Desemba 2006 katika kesi ya chama cha watunzi cha Uhispania dhidi ya kampuni ya hoteli. Ilisema kwamba hoteli inayosambaza mawimbi ya runinga hadi vyumbani inaufikishia umma kazi hizo. Kwa hivyo wageni wengi wa Diani watokao Ulaya hulala kwao katika hoteli zinazolipa ada za namna hiyo.

Hata hivyo, mwenye hoteli ana haki ya kuuliza swali la pili, nalo ni zito kuliko la kwanza: fedha ninazotoa hapa Diani huenda wapi? Ikiwa bendi inayopiga kwake kila Jumamosi na kikundi cha ngoma kutoka Msambweni hawajawahi kuona mrabaha, kwa nini aamini kwamba analipia haki za wasanii?

Vita vya wakusanyaji

Jibu la swali hilo limefunikwa na vumbi la mivutano. Mwaka 2017 KECOBO iliinyima MCSK leseni na kukipa chama kipya, MPAKE, jukumu la kuwakusanyia watunzi. Mambo yakaishia mahakamani, na baadaye MCSK ikarejea.

Kabla ya hapo, Novemba 2016, Mahakama Kuu ya Malindi ilikuwa imetangaza kwamba kifungu cha 30A cha Sheria ya Hakimiliki, kilichohusu malipo ya waimbaji na watayarishaji kupitia vyama vyao, kinakiuka Katiba. Kesi hiyo ilitokana na mzozo wa miito ya simu, lakini kifungu chenyewe kiligusa pia malipo ya vituo vya utangazaji.

Bunge liliirekebisha sheria mwaka 2019. Marekebisho hayo yalitaja wazi kwamba msanii apate si chini ya asilimia 52 ya mapato ya miito ya simu. Kwa upande wa utangazaji, mlango ulifunguliwa ili ukusanyaji ufanywe na Mamlaka ya Ushuru, KRA, au chombo kingine kitakachoteuliwa.

Januari 2020, akihutubia taifa kutoka Ikulu ya Mombasa, Rais wa wakati huo Uhuru Kenyatta aliagiza mfumo wa mirabaha urekebishwe ili wasanii wapate haki yao. Agosti 2021 KECOBO ilitangaza kuvipokonya vyama vyote vitatu leseni kwa kutotimiza masharti. Mwaka 2025 mzozo ulizuka upya, bodi ilipokataa kuipa MCSK leseni na kukitambua chama kingine, PAVRISK.

Mtu akiyatazama matukio hayo kwa pamoja, ataona kwamba kila mara tiba iliyopendekezwa ni kumbadilisha mwenye kikapu. Ni mara chache mno palipoulizwa kikapu hicho kinagawanywa kwa kufuata hesabu gani.

Funzo la Sh2,530

Julai 2019 ndipo Wakenya wengi walipofumbuka macho. MCSK iliwagawia wanachama wake mirabaha, na kila mmoja akapata Sh2,530. Mtunzi ambaye nyimbo zake zilikuwa zikichezwa kila siku alipata sawa na yule ambaye kazi yake haikuwa imesikika hewani kwa miaka mingi. Wasanii walighadhabika, na wengine walizianika risiti zao hadharani.

Ghadhabu ilielekezwa kwenye udogo wa fedha. Lakini usawa wenyewe ndio uliopaswa kushtua zaidi. Fedha hugawanywa sawa kwa sawa pale ambapo mgawaji hawezi kuonesha, au hataki kuonesha, nani ametumika zaidi ya mwenziwe.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Chini ya masharti ya KECOBO, chama kinatakiwa kuwagawia wasanii angalau asilimia 70 ya makusanyo na kubaki na zisizozidi 30 kwa matumizi ya ofisi. Ni sharti zuri. Lakini hata zile 70 zikitoka zote, bila daftari zitagawanywa kwa kukisia.

Wapo watakaosema kwamba kwa msanii mdogo wa Kinango au Lunga Lunga, mgao wa sawa ni afadhali. Ukihesabu dakika za hewani, watasema, nyota wa Nairobi na wa ng'ambo watachukua karibu zote, na wa Kwale atabaki na shilingi kumi.

Hofu hiyo haina budi kujibiwa. Kwanza, mgao wa sawa huwafaidi waliosajiliwa tu. Mzee anayeongoza sengenya na ambaye jina lake halimo katika chama chochote hakuipata hata hiyo Sh2,530.

Pili, hesabu ya dakika haimwonei msanii wa mashinani ikiwa fedha za kila kituo zitagawanywa kwa daftari la kituo hicho hicho. Vituo vya Pwani hupiga nyimbo ambazo Nairobi hazisikiki: za Kidigo, za Kiduruma, taarabu na chakacha. Ada inayotoka kwa vituo hivyo ikifuata daftari lao, sehemu yake kubwa itarudi Pwani. Dhuluma huingia pale ada ya Mombasa inapogawanywa kwa orodha ya nyimbo zilizovuma Nairobi.

Ngoma ya mababu, mikono ya leo

Kwa Kwale kuna fundo jingine. Sehemu kubwa ya muziki wake ni urithi usio na mtunzi mmoja. Misitu ya kaya za Wamijikenda, ikiwemo Kaya Kinondo iliyo jirani na Diani, iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008. Mwaka uliofuata UNESCO iliziweka mila zinazoandamana na kaya hizo katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka.

Hakimiliki ya mtunzi nchini hudumu katika uhai wake na miaka 50 baada ya kifo chake. Wimbo uliorithiwa kutoka enzi za mababu hauingii katika hesabu hiyo. Hapo ndipo watayarishaji wa vipindi hupata kisingizio cha kusema kwamba ngoma za asili ni za bure.

Hayo ni makosa kwa sababu mbili. Ngoma ni ya mababu, lakini mikono iliyoipiga mbele ya kamera siku ile ina wenyewe. Sheria humlinda mtumbuizaji kwa ule utumbuizaji wake, na ulinzi huo hudumu miaka 50 tangu uliponaswa. Sengenya iliyorekodiwa mwaka 2010 ina watu wenye haki juu yake hadi mwaka 2060.

Pia, Katiba ya 2010 katika kifungu cha 11 inalitaka Bunge litunge sheria ya kuhakikisha jamii zinapata fidia au mirabaha kwa matumizi ya tamaduni zao. Sheria hiyo ilipatikana mwaka 2016, nayo ni ile ya Kulinda Maarifa ya Jadi na Usanii wa Kitamaduni. Inalazimu jamii iombwe ridhaa kabla ya utamaduni wake kutumiwa kibiashara, na inazitaka serikali za kaunti kuweka sajili ya urithi ulio katika maeneo yao.

Kwa maneno mengine, daftari linalokosekana limekwisha kuagizwa na sheria. Linangoja kujazwa.

Kalamu ya runinga

Vituo vya runinga, hasa vidogo, hudai kwamba kuandika kila wimbo unaochezwa ni mzigo usiobebeka. Tangu kuhamia mfumo wa dijitali mwaka 2015, vituo vimeongezeka, mapato ya matangazo yamegawanyika, na wafanyakazi ni wachache.

Lakini vituo hivyo hivyo huweka kumbukumbu makini ya kila tangazo la biashara. Kampuni ya sabuni ikitaka kujua tangazo lake lilirushwa saa ngapi na kwa sekunde ngapi, huoneshwa, kwa sababu bila hivyo hailipi. Kituo kinachoweza kuhesabu sekunde za sabuni hakiwezi kushindwa kuhesabu dakika za muziki. Tofauti ni kwamba sabuni ina mtu wa kuuliza.

Zipo pia programu za kompyuta zinazotambua wimbo kwa kuusikiliza tu. Zinasaidia, ila haziwezi kuutambua wimbo ambao haujawahi kusajiliwa. Mashine itaitambua 'Jambo Bwana' mara moja, lakini sengenya ya Msambweni itaipita kama kelele za upepo.

Kwa hivyo kazi imegawanyika mara tatu. KECOBO yafaa iifanye orodha ya muziki kuwa sharti la leseni: kituo kisichoiwasilisha kitozwe ada ya juu, na kinachoiwasilisha kipunguziwe. Vyama vya wasanii navyo vichapishe, kwa kila kituo, kiasi kilichopokewa na majina ya waliolipwa.

Serikali ya Kaunti ya Kwale, kwa upande wake, ina wajibu wa kuvifikia vikundi vya ngoma kuanzia Tiwi hadi Vanga, kuandika majina ya wanavikundi, na kurekodi nyimbo zao zikiwa na tarehe. Ni kazi isiyohitaji mamilioni. Karani, kinasa sauti na gari vyatosha kuianza.

Vikundi vyenyewe navyo visisubiri. Kamera ikifika, kiongozi wa kikundi aulize maswali mawili kabla ya ngoma kupigwa: picha hizi zitatumiwa wapi, na majina yetu yataandikwa vipi? Karatasi moja iliyotiwa saini na pande zote mbili ina nguvu kuliko malalamiko ya miaka kumi.

Majirani wetu wa Tanzania wamepitia njia hii kwa taabu yao. COSOTA ilianzishwa chini ya sheria ya mwaka 1999, lakini wasanii walingoja hadi Januari 2022 kugawiwa mirabaha iliyotokana na nyimbo zao kutumika katika vituo vya utangazaji. Wimbo wa Vanga huvuka mpaka kwa urahisi kuliko lori la mizigo. Mrabaha wake utavuka kurudi ikiwa tu mwenye wimbo anajulikana pande zote mbili.

Huenda kesho KECOBO ikakipa chama kingine leseni, na keshokutwa mahakama ikatoa amri nyingine. Vituo vitaendelea kulipa au kukwepa, na wenye hoteli wa Diani wataendelea kunung'unika. Yote hayo yatamwacha mpiga ngoma wa Msambweni pale pale alipo, mradi kipindi kikiisha na majina kupita kwenye skrini, lake halimo.